Makopo Manne Chini ya Kabati

Kosa langu la kwanza lilikuwa kumshuku jirani kabla sijainama kutazama chumbani mwangu. Nalisema mwanzoni kwa sababu bado linanitia aibu.

Nimepanga chumba kimoja Mtoni. Mie ni mtu wa kunyoosha vitu: viatu vyangu hutazama upande mmoja, na ugonjwa wowote nausoma kwenye simu kabla sijamwambia mtu. Masika yalipoanza, sisimizi walihamia ndani kukimbia mvua. Nikaweka kila mguu wa kabati la vyakula ndani ya kopo la maji, kama alivyokuwa akifanya mama. Makopo manne, maji nimeyalinganisha kwa rula. Yakipungua, naongeza. Sisimizi wakakoma. Wakaja mbu, tena mchana, wakining'ata vifundo vya miguu.

Nikajua ni Mama Shadya, jirani wa mlango wa pili. Mvua ikikolea, kuna watu hutapisha choo ili uchafu uende na maji, na mtaro wa mbele ya mlango wake ulikuwa unanuka. Nilimchungulia dirishani siku tatu. Sikumwona akifanya lolote, nikasema huyu mjanja. Nikamvaa mbele ya wapangaji wote: "Mbu wako wataniua!"

"Mbu wangu?" akacheka. "Umewaona na vitambulisho?"

Kesho yake homa ikanipiga. Macho yaliuma kwa nyuma, na viungo viliuma hadi kuvaa soksi nikalia. Nikameza dawa ya malaria bila kupima, nikaongeza diklofenaki ya maumivu. Mama Shadya akaniletea uji. Nilisubiri aondoke, nikaumwaga. Nilidhani kanitilia kitu.

Siku ya tano nilipiga mswaki, povu likatoka jekundu. Choo kikawa cheusi kama lami. Nikaanguka mlangoni. Aliyenikokota hadi kwenye bajaji ni Mama Shadya yule yule.

"Nani alikupima malaria?" daktari aliuliza hospitalini.

"Mimi mwenyewe, kwa dalili."

"Una dengue, homa ya mbu wanaouma mchana. Na hiyo dawa ya maumivu imekuzidishia kutoka damu. Ungesubiri hadi kesho, tusingekuwa tunaongea."

Nililazwa siku sita. Niliporudi, Mama Shadya alikuja kunifagilia. Akapitisha ufagio chini ya kabati, akainama kutazama.

"We mtoto, njoo uone mifugo yako."

Katika makopo yote manne, ndani ya maji safi, viluwiluwi wa mbu walikuwa wanajipinda.

"Hawa hawataki choo," alisema. "Wanataka usafi kama wako."

Nikamwomba radhi. Nikamwambia na habari ya uji.

"Nilijua. Uliumwaga kwenye mtaro wangu."

Namshukuru Mungu, daktari, na huyu mama. Nawe ukipata homa wakati wa mvua, kapime. Usimeze dawa ya maumivu kabla hujajua unaumwa nini. Kagua kila chombo chenye maji ndani kwako, hata kile unachokiamini.

Siku hizi makopo nayamwaga na kuyasugua kila Jumamosi. Mtaro wa Mama Shadya bado nautupia jicho nikipita, ila uji wake naunywa.