Pasipopakwa Rangi

Kiwandani walimwita Binti Mistari, na jina likamkaa kama nguo ya kushonesha. Kazi yake ilikuwa kuchora makabati ya umeme kwenye kompyuta, bamba kwa bamba, na kuweka mistari ya mshazari, myekundu, kila mahali ambapo rangi haitakiwi kugusa. Hapo ndipo hufungwa waya wa kupeleka umeme ardhini. Pakipakwa rangi, waya ule unabaki pambo tu, na siku kabati likiharibika, umeme unapita kwa mtu aliyeligusa.

Aliyemtafutia kazi hiyo ni mjomba wake, mpaka rangi wa kiwanda hicho hicho. Mjomba alichukua michoro iliyochapwa, akabandika tepu ya karatasi penye mistari, akapuliza rangi, kisha akabandua.

"Wewe unachora, mimi nabandika," alipenda kumwambia. "Ukoo mzima tunakula mahali pasipo na rangi!" Akacheka mpaka barakoa ikamshuka kidevuni.

Kisha ofisi ikaacha kununua wino wa rangi wa printa. Ile mistari myekundu ikawa inatoka kijivu hafifu, kama vumbi lililoangukia karatasi. Binti Mistari akaenda kwa mkuu wa wachoraji.

"Bosi, mistari haionekani kwenye karatasi."

"Kwenye kompyuta inaonekana?"

"Inaonekana."

"Basi wewe umemaliza."

Akarudi kitini moyo ukimsuta. Angeweza kuibadilisha iwe minene na myeusi, lakini michoro ilikuwa mingi na kila mmoja ulitakiwa jana. Akasema nitafanya kesho. Kesho ikazaa kesho nyingine. Mjomba naye hakulalamika, kwa kuwa makabati ya zamani aliyajua kwa kichwa.

Ndipo likaja kabati jipya, lenye sehemu ya waya iliyohamishiwa mlangoni. Mjomba aliinamia karatasi, asione kitu, akapaka mlango wote ukameremeta.

Miezi ikapita. Mfagizi wa duka moja akashika mlango ule akiwa na kitambaa kibichi. Hakufa, ila mkono wake wa kulia haufungi tena ngumi.

Kikao kiliitwa. Meneja alifungua mchoro kwenye skrini kubwa, na mistari myekundu ikawaka mbele ya kila mtu. Mjomba alisimama ameshika karatasi yake iliyokunjika.

"Huku haipo," alisema. "Tazameni wenyewe."

Hakuna aliyenyoosha mkono kuipokea. Mkuu wa wachoraji alikuwa akitazama kucha zake. Meneja akamgeukia Binti Mistari.

"Uliweka alama, hukuweka?"

Wino, ile safari ya kwa bosi, zile kesho zake, vyote vilimjaa mdomoni.

"Niliweka," alisema. "Iko kwenye kompyuta."

Mjomba alimtazama kidogo, akaikunja karatasi taratibu, akaitia mfukoni. Siku hiyo hiyo akaambiwa macho yamechoka, akapumzike nyumbani.

Jioni mama yake Binti Mistari alimkuta jikoni, sufuria mkononi, hapiki wala haoshi.

"Kaka yangu alikukosea nini?"

"Mama, sikusema uongo."

"Sijakuuliza kama ulisema uongo."

Jumapili alikwenda kwa mjomba. Mke wa mjomba alifungua mlango nusu, akaziba nafasi kwa mwili wake.

"Mjomba wako amelala."

Kutoka sebuleni ilisikika redio, halafu kile kikohozi cha miaka mingi ya rangi. Redio ikapunguzwa sauti. Wote wawili wakasubiri, lakini hakuna aliyeita.

"Nitamwambia ulifika," alisema mkaza mjomba, akafunga.

Jumatatu aliwahi kazini kuliko wote. Akafungua michoro mmoja baada ya mwingine, akaigeuza mistari iwe myeusi, minene, na katikati yake akaandika kwa herufi kubwa: USIPAKE RANGI HAPA. Kazi aliyoiahirisha miezi yote ile ilimalizika kabla ya chakula cha mchana. Bosi alipita nyuma ya kiti chake, akaitazama skrini.

"Safi sana," alisema. "Kwa nini hatukufanya hivi zamani?"