Ama Alipotufundisha Kihokkien

Nakumbuka vizuri, mwanangu, siku niliyobanana dawatini pamoja na watoto wa darasa la pili, na mimi ndiye niliyekuwa mwalimu wao!

Ilikuwa miaka ya hamsini. Nina miaka kumi na tisa, nimetoka chuo cha ualimu juzijuzi, nimepangiwa skuli ya wasichana mjini Unguja, najiona najua kila kitu. Darasani kwangu alikuwamo mtoto wa Kichina, Bi Lian. Siku ya kwanza nilipoita majina wenzake walicheka: "Mdogo hivi, keshakuwa Bi!" Naye akacheka nao, akawaeleza kuwa kwao "bi" maana yake uzuri. Baba yake alikuwa akinunua majongoo ya pwani, wale viumbe wa baharini wanaoliwa China, na kuyakausha nyuma ya nyumba yao mtaa wa Mlandege. Nyumbani walisema Kihokkien, lugha ya watu wa pwani ya kusini ya China.

Sasa sikiliza kosa langu. Siku moja wakati wa mapumziko nilimsikia akizungumza lugha hiyo na mdogo wake wa kike. Tuliporudi darasani nikamsimamisha mbele ya wenzake.

"Hapa skuli, si nyumbani kwenu," nikamwambia. "Makelele hayo ya kuku sitaki kuyasikia tena."

Darasa zima likaangua kicheko. Naona haya hata leo kukusimulia.

Bi Lian akanyamaza. Hakuacha Kichina tu, aliacha kusema kabisa. Nikimwita haitiki, nikimuuliza anatazama chini. Juma la pili akaja bibi yake, ambaye wajukuu walimwita Ama, kamshika mkono. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza, lakini nilimwelewa vyema.

"Mtoto nyumbani pia hasemi. Mimi nachukua. Skuli basi."

Mwalimu mkuu wetu, Bi Zuhura, mwenyeji wa Mkokotoni, shamba huko kaskazini ya kisiwa, aliyasikia yote. Akamkalisha Ama, akamtilia chai, kisha akanigeukia. Hakupandisha sauti.

"Mwalimu, nilipoletwa mjini nikiwa mdogo nilichekwa kwa maneno ya kwetu. Siku mama yangu alipokuja kunitazama, nilijifanya simwelewi, kwa kuwaogopa wenzangu. Alirudi Mkokotoni analia. Unataka huyu naye amwonee haya bibi yake?"

"La, Bi Zuhura."

"Basi kesho kipindi cha mwisho atafundisha Ama, nawe utakaa na watoto." Akamgeukia bibi: "Tupe siku moja tu. Usiporidhika, mchukue mjukuu wako."

Mwanangu, furaha ya kipindi kile! Ama aliingia na sufuria ya supu na kibakuli cha sukari. "Chiak pa bue?" akatusalimu, akijipapasa tumbo, yaani, ushakula, ukashiba? Watoto wakalirudia kwa kelele mpaka walimu wengine wakaja kuchungulia. Tukahesabu: chit, nung, sa, si, go! Waliokuwa wakisinzia kwenye hesabu zangu sasa walikuwa wamesimama juu ya viti.

Kisha akatuonyesha supu na sukari. Kwa masikio yetu ni neno moja, "tng". Lakini sauti ikitulia juu ni supu, na ikipanda kama ya mtu anayeuliza ni sukari. Watoto wakalipata upesi. Ama akanielekezea kidole mimi.

Nikasimama, nikaomba sukari. Akanipa kijiko cha supu. Nikaomba tena. Supu! Mara ya tatu, supu! Darasa hoi kwa kicheko, mimi jasho linanitiririka, na hapo ndipo nilipojua nilichomfanyia yule mtoto.

"Siyo hivyo, Mwalimu," ikasema sauti nyuma yangu. "Ipandishe. Nifuate mimi."

Alikuwa Bi Lian! Nikamfuata mara moja, mara mbili, na mara ya tatu Ama akanitia kijiko kizima cha sukari mdomoni. Makofi yaliyopigwa yalisikika hadi barabarani.

Nilipoweza kumeza nikamwambia, palepale mbele ya wenzake, "Nilikukosea, Bi Lian. Nisamehe."

"Nshakusamehe," akajibu, na Ama akakaa kwenye kiti changu akafuta macho.

Mtoto hakuondolewa skuli. Ama akaja kila Jumatano mpaka mwaka ukaisha, na huko Mlandege ungewasikia wasichana wa Kiunguja wakiwauliza wenye maduka, "Chiak pa bue?"

Kwa hiyo, mwanangu, mtu akisema lugha aliyolelewa nayo, usimcheke. Mwombe akufundishe walau maneno mawili. Ukimkosea mtu mbele ya watu, mtake radhi mbele ya watu haohao, usimvizie pembeni. Na anayejua usichokijua, hata akiwa mdogo kuliko wewe, mfuate bila kuona haya.

Mola akulainishie ulimi, akupe masikio yenye subira, na kila nyumba utakayoingia wakupokee kama mtoto wao. Amin.