Ishara ya Wiki Iliyopita

Verlin Kozak alikuwa kwotabeki wa akiba kwa miaka kumi na miwili, na muda wote huo jezi yake ilifuliwa kwa mazoea tu, si kwa uchafu. Katika futiboli ya Kimarekani, kwotabeki ndiye anayepokea mpira kwanza na kuamua uende kwa nani. Wa akiba husimama pembeni na kofia ya kitambaa, akimwombea mwenzake afya njema, au akijilazimisha kumwombea. Huko Toledo alikozaliwa, hata wauza soseji walimjua. Walimpungia mkono, kisha wakamuuliza habari za yule anayecheza.

Kazi yake aliijua. Ukimkuta kwa kinyozi ukamwuliza kwotabeki bora ni wa namna gani, utanyolewa mpaka mwisho naye bado yuko katikati ya jibu. Mkono wenye nguvu, alisema, hata wapakia mizigo wanao. Kinachotakiwa ni macho ya kuona uwanja mzima kwa sekunde tatu, miguu isiyokimbia kabla ya hatari kufika, na kichwa chepesi kusahau: mpira wako ukidakwa na adui, unarusha mwingine kana kwamba hujawahi kukosea maishani. Watu waliafiki. Hakuna aliyemwuliza kwa nini basi yeye hakuwahi kuanza hata mechi moja, maana watu wa Toledo wana adabu zao.

Mwaka alipotimiza thelathini na mitano, timu ilimleta Tavares Odom, kijana wa miaka ishirini na mitatu kutoka Mississippi. Kwotabeki wa kwanza alikuwa na nafasi yake, haiguswi. Ya akiba ilikuwa moja, na wanaoigombea wawili. Mafahali wawili hawakai zizi moja, ingawa mmoja wao hapa alikuwa na goti lililolia kila akipanda ngazi. Majina yangekatwa Jumanne, siku tano baada ya mechi ya mwisho ya maandalizi.

Mechi hiyo ilichezwa Alhamisi, na robo ya nne alipewa Odom. Dakika nne kabla ya mwisho, redio iliyomo ndani ya helmeti yake, ya kumsikia kocha, ikakata. Likitokea hilo, wa akiba ndiye anayetuma maneno ya kocha kwa ishara za mikono, na ishara hubadilishwa kila wiki ili wapinzani wasizizoee. Kocha Hanratty akasema mpokeaji akimbilie nje, yaani ukingoni mwa uwanja, si ndani, katikati. Verlin akagusa kiwiko.

Wiki iliyopita kiwiko kilikuwa nje. Wiki hii kiwiko kilikuwa ndani. Odom akakusanya wenzake kwenye duara, akawaambia ndani, akarusha ndani, na beki wa wapinzani aliyekuwa amesimama pale akaudaka, akakimbia nao mpaka mwisho wa uwanja, wakapata pointi.

"Nje! Nimesema nje!" Hanratty alimfokea kijana alipotoka. "Umelewa, wewe?"

Odom alimtazama Verlin mara moja tu.

"Langu hilo, Kocha," akasema. "Nimechanganya."

Verlin alifungua mdomo. Akanywa maji.

Waandishi wa habari nao walijibiwa hivyohivyo, kosa ni la Odom. Verlin akajiambia atasema kesho, mambo yakipoa. Ijumaa walitazama filamu ya mechi, Hanratty aliisimamisha mara tatu palepale, mbele ya timu nzima, na kila mara kijana aliitikia, "Ndiyo, Kocha." Filamu ilionyesha uwanja, haikuonyesha benchi. Jumamosi Verlin alikula maandazi ya viazi tisa kwa shemeji yake, na mkewe Noreen akamwambia, "Ukila hivi, kuna jambo." Akasema ni njaa. Jumapili alikwenda kanisani, akatazama dari.

Jumatatu alishindwa kuvumilia. Alimkuta Odom peke yake kwenye chumba cha kubadilishia nguo.

"We, ulijua?"

"Nilijua nini, Babu?" Ndivyo vijana wote walivyomwita.

"Kiwiko."

Odom akacheka. "Kiwiko ni ndani. Nimezikariri hizo ishara mpaka mama yangu anazijua kwa simu."

"Sasa mbona hukusema?"

"Niseme nini? Kwenye duara wamesikia 'ndani' kwa mdomo wangu, si kwa kiwiko chako. Halafu yule beki nilimwona. Ningeweza kubadilisha, nikajitia ujuzi nikarusha."

"Watakukata jina, bwana mdogo!"

"Wakate. Nikianza kutaja watu leo, kesho kwenye duara nani atanisikiliza?" Akainama kufunga kamba za viatu. "Na wewe usinitolee macho hivyo, Babu. Utapata presha."

Jumanne asubuhi hakuna aliyefanya utani. Katika timu ile, mtu wa ofisini akija kukuambia, "Kocha anakuita, njoo na kitabu," ujue kitabu cha mbinu kinarudishwa na wewe unakwenda nyumbani. Alikwisha kuwaita wanane alipofika kwa Verlin.

"Kozak, Kocha anakuita."

Verlin akangoja yaliyobaki. "Na kitabu?"

"Nimesema kitabu?"

Furaha iliyompata haina haja ya kufichwa. Hata goti lilinyamaza. Alikuwa amekwisha kusimama alipomwona Odom upande wa pili, hajaitwa na mtu, ameshatoa kitabu chake rafuni na kukipakata, anatazama mlango. Verlin aliona haya, haya ya mtu mzima, ambayo ni mbaya kuliko ya mtoto kwa sababu hana wa kumsingizia.

Hanratty alikuwa na kalamu mkononi. "Kaa. Kijana mkono anao, kichwa hana. Nakubakiza wewe."

"Kocha, ule mpira wa Alhamisi. Nilituma ishara ya wiki iliyopita. Kijana alirusha alichoambiwa."

Kalamu ikawekwa mezani. "Na yeye anajua?"

"Alijua kabla hujamaliza kumtukana."

"Akanyamaza."

"Akasema ni lake. Nimemuuliza, anasema bado ni lake."

Hanratty alitazama kalenda ukutani. "Leo Jumanne, Kozak."

"Najua. Kosa ambalo si lake, yeye amelibeba papo hapo. Langu mwenyewe limenichukua siku tano, na leo nusura nilipite tena. Umetafuta tofauti yetu kwenye filamu, Kocha. Haimo."

Kocha akavuta karatasi, akafuta jina, akaandika lingine. Mkono wake haukwenda haraka. Walikuwa pamoja miaka tisa, na alimpenda mtu huyu kwa kiasi ambacho makocha hujiruhusu.

"Miaka tisa," alisema, bila ubaya, "kila msimu najiuliza kwa nini nashindwa kukuanzisha. Sijawahi kupata jibu."

"Mimi nimelipata Alhamisi," Verlin alisema.