Maneno Yaliyomchosha Wifi

Kanisani walimwita Mama Neno, maana kwake hukosi neno. Ukifiwa, anakuja na neno. Ukifukuzwa kazi, anakuja na neno na mfuko wa sukari. Alikuwa mfuaji wa hospitali. Kutwa nzima anachambua mashuka ya wodi, anang'oa plasta zilizogandia kwenye mikunjo, anayatia mashineni, kisha anayapitisha kwenye pasi kubwa ya mvuke. Ni kazi ya joto na mgongo, lakini hakuna aliyewahi kumsikia akinung'unika.

Hiyo ilikuwa kabla wifi yake hajahamia kwao.

Wifi huyo, mdogo wa mumewe, alimpoteza mtoto wake wa kwanza siku ileile ya kujifungua, na ndoa nayo haikuchukua muda ikamfia mkononi. Alikuja na begi moja, akajilaza kwenye kochi la sebuleni, akawa kama amepandwa pale.

Mama Neno akapiga moyo konde. Kila asubuhi, mkoba tayari begani, alisimama mbele ya kochi.

"Amka, wifi yangu. Mungu ana makusudi yake. Jipe moyo."

"Asante, wifi."

Jioni anakuta pazia halijafunguliwa, vikombe vya asubuhi vimekaukia chai, na wifi yuko na kanga ileile. Damu inamchemka. Anaingia jikoni, anaomba Mungu ampe uvumilivu, huku masufuria yakipigana vichwa.

"Mke wangu," mumewe aliuliza siku moja akiwa mlangoni, "unaomba au unagombana?"

"Vyote viwili!"

Asubuhi moja, kabla hajamaliza kusema Mungu ana makusudi, wifi aliketi ghafla kama aliyechomwa.

"Wifi, nimechoka! Kila siku unanirushia neno kama mtu anayerushia kuku punje za mahindi, halafu huyoo, unaenda zako. Hata kuketi huketi!"

Mama Neno alitoka, mlango ukajibu kwa niaba yake.

Kazini siku hiyo mdomo haukufunga. "Nimemlisha, nimemlaza, nimemwombea mpaka magoti yameota sugu," alimwambia mwenzake waliyekuwa wakishika naye ncha za shuka. "Shukrani ya punda ni mateke!" Alipolitamka hilo la punda, hakuwa akiitazama pasi. Mkono wake wa kulia ukatua kwenye bamba la moto.

Walimfunga bendeji, wakamwambia akae nyumbani mpaka kidonda kifunge.

Wanawake wenzake wa kanisani hawakuchelewa kuja. Wifi akawapisha kwenye kochi, akaenda jikoni kuwachemshia chai. Wageni waliimba, wakaomba, wakanywa.

"Mungu ana makusudi yake, Mama Neno," alisema mmoja, kichwa amekiinamisha upande. "Labda alitaka upumzike."

"Jipe moyo, mpendwa," akaongeza mwingine, mkoba tayari begani.

Mama Neno aliitikia amina. Moyoni alitamani kuwaambia: kuna nguo zimeloweka tangu juzi, shikeni hata moja. Walipoondoka alivitazama vikombe vyao mezani, kisha akautazama mkono wake. Yale maneno aliyafahamu. Hata ule mkoba begani aliufahamu.

Wifi akaja kimya, akavikusanya vikombe. Aliporudi alikuwa na chanuo na chupa ya mafuta.

"Kaa hapa chini, wifi. Kichwa chako kimekuwa kama kiota cha kunguru."

Akaanza kumchana. Hakuwa na mkono mwepesi hata kidogo.

"Taratibu! Unaning'oa!"

"Vumilia tu, wifi. Mungu ana makusudi."

Kisha Mama Neno akaanza kutikisika mabega, na wifi naye, wakacheka mpaka chanuo likaanguka. Tangu wifi aje, ile sebule haikuwa imesikia kicheko chake.

Kilipotulia, Mama Neno aliuliza bila kugeuka, "Wifi, mtoto wako... mlimpa jina?"

Mkono ulisimama juu ya kichwa chake, ukakaa hapo hata akadhani ameharibu tena.

"Tulimpa," wifi akasema, akalitaja. "Tangu nimzike, hakuna aliyeniuliza."

Akasimulia. Nywele alizokuwa nazo, nyingi hivi. Vidole virefu kama vya mjomba wake. Jinsi muuguzi alivyomfunika upesi mno. Mama Neno alikuwa na maneno matatu ya faraja kwenye ncha ya ulimi, yote mazuri, akauma meno. Kuinua mashuka yaliyolowa ilikuwa kazi nyepesi kuliko ile. Akalia tu pamoja naye.

Ungedhani tangu siku hiyo mambo yalinyooka. Wapi! Wiki iliyofuata waligombana kwa sababu ya sufuria lililoungua, wakanuniana mpaka Jumapili. Siku nyingine wifi anafua, anapika, anatoka kidogo. Siku nyingine analala mpaka mchana, na Mama Neno, aliyekwisha kurudi kazini, akija jioni anayaona yale mapazia yaliyofungwa na kuanza kufura. Siku hizo hutoka nje, akasimama karibu na kamba ya nguo.

"Bwana," humwambia Mungu kwa ukali, "nilikuomba uvumilivu. Hukuniambia unatolewa kwa kijiko cha chai!"

Kisha hurudi ndani, akautua mkoba chini, akaketi kwenye ukingo wa kochi na kumwuliza wifi kama amekula.