Nilikataza mama yangu asiguswe kitandani, infirmière akanifunza adabu

Wakuu, salamu kwenu. Nimesoma uzi wa jamaa anayesema uuguzi si sayansi, eti ni kumshikia daktari mkasi. Nimecheka kwa aibu, maana mpumbavu wa aina hiyo nilikuwa mimi. Haya yalinikuta mwenyewe, sipambi kitu.

Kisangani, miaka ya vita. Nasoma médecine, mwaka wa tatu, kichwa kimevimba.

Bomu likapiga nyumba yetu ya Mangobo, ukuta ukamwangukia mama, akavunjika paja. Tukamfikisha hospitali kwa mkokoteni.

Daktari akamfunga mguu kwa mbao, kisha akavuka mto kwenda Lubunga kuona familia yake. Mapigano yakakaza, pirogue za mtoni zikaacha kuvuka. Akakwama ng'ambo.

Bon, daktari nani sasa? Mimi! Nikavaa koti jeupe, nikaamuru: mama asiguswe, mfupa usije ukahama.

Infirmière, muuguzi wa wodi, Mama Godelive, akauliza, "Asiguswe mpaka siku gani?"

Nikamjibu afuate maagizo ya docteur. Docteur wa mwaka wa tatu, jamani!

Siku ya nne akaniita. Akamwinua mama upande, akanionyesha chini ya mgongo. Pamebadilika rangi, pana joto, ngozi imeanza kuchubuka. Kidonda cha namna hiyo kikioza kinaua. Nikakimbilia kitabu kutafuta dawa.

"Weye unafungua kitabu, mugongo ya mama yako iko naoza! Hii haina dawa. Kamata mguu."

Kumbe kumgeuza mtu aliyevunjika kuna elimu yake. Mmoja anashika mguu unyooke, wawili wanazungusha mwili kwa pamoja, mto katikati ya magoti. Kila baada ya saa mbili, risasi zilie zisilie. Na kila mara Mama Godelive anaandika: upande gani, ngozi ikoje, amekunywa nini.

Nikamuuliza daktari gani alimfundisha. Akanitazama kwa huruma. "Masomo yetu iko na walimu yake."

Pirogue ziliporudi, daktari akaja, akakuta ngozi imefunga. Akanipiga bega, "Félicitations, confrère!" Yaani hongera, daktari mwenzangu. Nami, mshenzi, nikatabasamu tu.

Mama akainua kichwa. "Docteur, huyu mutoto nilimuzaa mimi, lakini alitaka nioze. Pongeza ule mama."

Wodi nzima ikaangua kicheko. Nilitamani ardhi inimeze.

Funzo langu: uuguzi una maswali yake na majibu yake, na mengi daktari hayajui. Mnaobisha, uwanja ni wenu, nitukaneni. Ila mtaje kwanza: ukivunjika paja, nani atakugeuza?