Robo Saa Ambayo Sikuiandika

Ilikuwa saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi, Jumatatu, mke wangu alipoupima upya unga wa mahindi uliobaki dukani. Tunauuza kwa meka, lile bakuli la bati ambalo kila mama wa Kasungami analijua. Zilitakiwa meka saba. Zilikuwa sita.

“Ni yule,” alisema, bila kuinua macho.

Yule ni mjane jirani yetu. Alikuwa akiuza unga dukani mwetu kwa miaka mitatu, na hakuwa na mshahara mwingine.

“Namupa mpaka Jumamosi. Bunga ikipotea tena, aende.”

Nilimwomba aniachie siku hizo nichunguze. Mimi natengeneza redio. Kazi nilijifunza mwenyewe katika vitabu vya mitumba, na vitabu hivyo vilinizoeza kutobahatisha. Nikahamishia meza yangu dukani. Nikaandika saa, mnunuzi, idadi ya meka, hata konzi ya nyongeza ambayo hakuna mteja anayekubali kuondoka bila kuipata. Jioni hesabu ya daftari ilikuwa sawa, lakini gunia jipya tulilofungua lilipungukiwa meka moja. Jumanne vilevile. Jumatano vilevile. Macho yaliniuma. Mjane alikuwa ameacha kula nasi mchana.

Alhamisi, karibu na adhuhuri, aliiweka meka mbele yangu.

“Papa, kalamu haijachoka?”

“Imechoka, mama.”

“Unaandika hata chafya yangu. Lakini mama-mukwe yako akitoka ku misa akuje kupumuzika hapa, weye unakimbia sawa mbuzi ameona mvula. Miye niko ku mayi na ndoo, mama wa duka iko sokoni. Nani anaandika pale?”

Nilifungua daftari. Kwetu mwanamume hakai chumba kimoja na mama mkwe wake, wala hamtazami usoni. Kila asubuhi, nikisikia tu kandambili zake, nilitoka kwa mlango wa nyuma na kusubiri uani robo saa. Katika daftari langu robo saa hiyo haikuwa hata na mstari mtupu. Nilikuwa nimeunganisha saa mbili na nusu na saa tatu kasorobo kana kwamba zimegusana.

Kumuuliza mwenyewe nisingeweza. Mke wangu aliporudi nilimweleza, akaenda kwa mama yake, nyumba ya pili, nami nikabaki nyuma ya ukuta nikisikiliza.

“Mama, bunga ya duka ulichukua?”

“Nilichukua. Ku kilio ya ndugu yetu ningeingia na mikono bule? Toka yenga napeleka meka moja kila siku. Duka si ya mutoto yangu?”

Toka yenga, yaani tangu Jumapili, matanga yalipoanza, hadi asubuhi ile.

Mke wangu alirudi, akakaa juu ya gunia. Kisha akamwambia mjane, “Kazi iko. Endelea.” Msamaha hakuuomba.

Mjane aliifuta meka kwa pindo la kitenge chake. “Nitaendelea, mama. Nitaenda wapi kwingine?”

Mimi nilifungua kisanduku cha duka, nikatia bei ya unga kutoka mfukoni mwangu, ili mama mkwe asiulizwe tena, na Jumamosi mtu asimtazame mjane kwa shaka. Meka tano: faranga elfu ishirini na mbili na mia tano.