Filimbi ya Kisimba Kwenye Ziwa Kisale

Kisimba alikuwa chef de train, na ukitaka kumkasirisha mwite mkata tiketi. Mkata tiketi, alisema, anatoboa karatasi. Chef de train njo mwenye treni. Dereva na ukubwa wake wote haondoki kituoni mpaka Kisimba ahesabu watu wake, ainue mkono na kupiga filimbi. Pale Kamina aliishi hivyo kazini na nyumbani. Siku ya Mungu, familia ikitoka kwenda kanisa la Wamethodisti, aliwahesabu watoto mlangoni, akapiga filimbi. Majirani walicheka wee, mwisho wakazoea.

Mkewe Ndaya hakuzoea. "Baba Malachie," alimwambia, "minyi hapana wagoni ya treni."

Kisimba alistaafu mwaka ule wa 1998, vita ya pili ilipoanza, na ndipo macho ya Ndaya yalipoanza kwisha. Muganga wa hospitali hakuwaficha: upofu unaingia kutoka pembeni, na dawa hapa haiko. Tayari Ndaya alikuwa anaona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Hakulia. Alitaka jambo moja tu: macho yasifungike kabla hajaiona tena sura ya mdogo wake Élisa, aliyeolewa na mvuvi kule ziwa Kisale. Hawakuonana tangu mazishi ya mama yao. Tena alitaka kwenda polepole, ayaangalie maji waliyokulia.

"Miaka yote umesafirisha bantu," alimwambia mumewe. "Na minyi, umenipeleka wapi?"

Neno lile lilimchoma Kisimba. Watu walimshangaa: Base, kambi ya jeshi pale Kamina, imejaa askari, ndege zinanguruma juu ya mapaa, na weye unaenda kutembea? Akawajibu kwamba vita bado iko mbali na ziwa. Wakapanda treni mpaka Bukama, mji ulio kando ya mto, na pale wakamkuta Maurice, mtoto wa dada yake Kisimba, mwenye boti kubwa ya uvuvi yenye mota.

"Ingieni," Maurice alisema, "lakini minyi siko na haraka. Ninapita kila kijiji kuchukua samaki."

"Njo ile tunataka," Ndaya akajibu.

Basi wakaenda, mota ikikohoa, kwenye njia nyembamba za maji zilizofichwa na kuta za mafunjo, mahali hata upepo haufiki. Ndaya alikaa mbele, akigeuza kichwa kizima ili akione kila kitu: ndege mweupe, ua la yungiyungi, mtego wa samaki. Kisimba alikuwa anatazama saa yake kila mara, mpaka mkewe akamwambia aitie mfukoni. Akaitia. Wakala bukari, ugali wa kwao, na samaki wa moto, na Kisimba akashangaa kujikuta anafurahi. Kumbe mtu anaweza kusafiri bila kuchelewa popote!

Siku ya pili, karibu na kijiji cha Élisa, Ndaya aliomba wasimame kidogo awaangalie ndege. Maurice akazima mota. Walipotaka kuondoka tena, mazoea yakamshika Kisimba: akawahesabu watu wake, akainua mkono, akapiga filimbi kwa nguvu zote.

"Muzee!" Maurice akapiga kelele. "Umetuharibia! Siku hizi askari njo bako na filimbi. Wakipiga, wanachukua mitumbwi, wanachukua vijana wa kubeba mizigo. Bantu wote watakimbia!"

Na kweli. Walipozunguka ukuta wa mafunjo, kijiji kilikuwa kitupu. Moto unawaka, chungu kinatokota, mtu hata mmoja hayuko. Ndaya akaita, "Élisa! Élisa!" Kimya. Nani atatoka? Hata mateka anaweza kulazimishwa kuita.

Hapo Ndaya akamgeukia mumewe, na lo, alimtandika kwa maneno.

"Weye Kisimba! Kichwa yako iko ngumu sawa reli! Treni iko wapi hapa? Umenihesabu maisha yote sawa mbuzi, sasa umefukuza na ndugu yangu! Nikiwa kipofu utanionyesha nini? Filimbi?"

Kisimba aliinamisha kichwa. Aliona aibu.

Ndipo kicheko kikatoka ndani ya mafunjo.

"Yaya? Dada, njo weye? Hakuna askari anagombezwa vile na ananyamaza!"

Élisa akatokea kwenye mtumbwi mdogo, kisu cha samaki bado mkononi. Ndaya akamshika uso kwa mikono miwili, akaugeuza huku, akaugeuza kule, kipande kwa kipande, kadiri tundu lake lilivyomruhusu.

"Uko na magamba ya samaki ku shavu," akasema.

Élisa akataka kuyafuta.

"Acha. Acha kwanza niangalie."

Kisimba alilia waziwazi, wala hakujificha. Maurice yeye alikuwa anatega sikio upande wa mto. Akamsogelea mjomba wake.

"Muzee, kama askari walisikia ile filimbi, watakuja. Tuondoke."

Kisimba alimtazama mkewe, ambaye macho yake yalikuwa hayajatoka kwenye paji la uso la mdogo wake. Akaitia filimbi mfukoni, pamoja na saa.

"Chef de train njo minyi," akasema. "Bado."